Papa Aliyepasuliwa Kabla ya Wakati

Katika soko la samaki la katikati ya jiji kuna utaratibu ambao mtu wa Nairobi hauulizi. Unachagua samaki, unalipa, unaenda kutafuta nyanya na dania, na ukirudi unamkuta ameparwa magamba, ametolewa matumbo, amefungwa. Nimekulia mtaa wa Jamhuri na nimenunua samaki hivyo tangu nianze kutumwa. Kwa hiyo Jumamosi ile nilichagua papa mdogo, urefu wa mkono wangu, nikalipa, nikatoka kwenda duka la dawa kununua glavu na wembe wa upasuaji.

Niliporudi, muuzaji alinikabidhi mfuko kwa fahari.

"Nimekutolea uchafu yote, madam. Hapo ni kuweka tu kwa sufuria."

"Huo uchafu ndio nilikuja kununua."

Mama mmoja aliyekuwa akingoja tilapia alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikuweza kucheka. Jumatatu nilikuwa na mtihani wa marudio wa zuolojia, wa kupasua papa, na kanuni ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka marudio, unarudia mwaka mzima. Mara ya kwanza nilianguka kwa sababu maabara ilitoa papa mmoja kwa kikundi kizima, na mimi nilijifunza nikichungulia juu ya mabega ya wenzangu. Huyu wangu ndiye angeniokoa, na sasa alikuwa mtupu kama soksi.

"Matumbo yako wapi?"

"Kwa ndoo, na ya wengine."

"Nipe ndoo."

"Siz, kwani wewe unapikanga nini?"

Alinimwagia yote mezani. Ya papa yalikuwa rahisi kuyajua kwa ini lake, refu, la pande mbili, linaloteleza kwa mafuta. Tena muuzaji alikuwa na mkono mzuri: alikuwa ametoa kila kitu kwa mvuto mmoja, kutoka kooni hadi kwenye tundu la nyuma, bila kupasua nyongo. Nikafungiwa mfuko wa pili.

Nyumbani nilitandaza magazeti kwenye roshani, nikamlaza papa juu ya sinia, nikaanza kazi ambayo hakuna kitabu kilichonielekeza: kumjaza tena. Figo zilikuwa bado ndani, zimeng'ang'ania uti wa mgongo. Tumbo lilikuwa na mkunjo, na wengu ulikaa kwenye kona ya mkunjo huo na si kwingine. Utumbo ulikuwa mfupi ajabu. Niliupasua kidogo nikaona kwa nini: ndani mlikuwa na ngozi iliyozunguka kama ngazi za mnara, chakula kipite njia ndefu katika nafasi ndogo. Ini lilikuja mwisho likafunika kila kitu.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hiyo maini ni ya ng'ombe?"

"Ni ya huyu."

"Mwili mdogo hivi, maini yote hiyo?" Akaelekeza mwiko kwenye kitu kidogo kilichoning'inia nyuma ya utumbo. "Na haka?"

Katika mtihani wa kwanza nilikaita kidole tumbo. "Tezi ya chumvi," nikasema. "Chumvi ya bahari ikizidi kwa damu, haka kanaitoa."

"Basi kanafanya kazi kuliko wewe. Toa yote urudishe tena, nione."

Nikatoa, nikarudisha. Akasema tena. Mpaka jua linazama nilikuwa narudisha huku namtazama yeye usoni, na vidole vyangu vinajua njia.

Jumatatu niliwekewa papa mzima mwenye harufu kali ya formalini. Nilipoinua wembe, mtahini, mzee mpole wa sauti ya chini, akanizuia.

"Usikate. Nionyeshe kwanza kwa nje tezi ya chumvi iko wapi."

Wenzangu wawili wa meza ya jirani walitazamana. Swali kama hilo hatukuwahi kuulizwa. Nikaweka kidole kwenye tumbo la papa, nyuma, mbele kidogo ya tundu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kata."

Nilikata taratibu, nikasogeza utumbo. Tezi ilikuwa pale pale nilipoweka kidole. Mtahini aliinama, akaangalia, kisha akawaita wale wawili. "Njooni muone papa akifunguliwa vizuri." Nikawapitisha kutoka ini hadi figo.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa kwenye baraza la chuo. Niliyasoma, nikayasoma tena, nikampigia mama. Alikuwa mtaa wa Loresho, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa.

"Mama, sirudii mwaka."

Nikamsikia akisema, "Hebu ninyamazieni kidogo," kisha kwangu, "Sema tena, wasikie." Nikasema tena. Vigelegele vilivyotoka kwenye simu viliwafanya watu barazani wageuke, nami sikupunguza sauti.