Siku Nilipoamuru Chujio Liondolewe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msicheke kabla sijamaliza.

Mjukuu wangu Tumpe amefungua ofisi ya intaneti katika chumba changu cha mbele, hapa Ipinda. Swichi yake, kisanduku chenye nyaya, imeungwa na ya kituo cha afya na ya duka la Mzee Hamisi, ingawa kila mmoja ana njia yake ya kwenda nje. Tumpe alinieleza kwamba swichi hutangaziana njia zinazozijua, naye ametia chujio, yaani kizuizi, ili yake itangaze njia za kwetu tu.

Nikaona ni uchoyo. "Nyumba hii haimfichi mtu njia. Litoe."

"Bibi, wote watapita kwetu."

"Wapite. Nimewahi kumfukuza mgeni?"

Akalitoa. Swichi ikatangaza kwamba njia za kwenda kokote zinapita kwetu, na swichi za majirani zikasadiki. Mizigo yao yote ya taarifa ikamiminika kwenye waya wetu mwembamba, ikakwama.

Muuguzi wa kituo cha afya akaingia anahema. "Mama, mgonjwa anazidiwa, na majibu ya damu yake kutoka Mbeya hayafiki."

Nikamgeukia Tumpe. Akarudisha chujio, na punde tukasikia sauti ng'ambo ya barabara ikiita kwamba majibu yameingia.

Mzee Hamisi alikuwa mlangoni. "Binti, umeita abiria wa wilaya nzima na una baiskeli moja. Nani kakutuma?"

Tumpe akaanza kuomba radhi kana kwamba kosa ni lake.

"Mimi," nikasema. "Na ninyi wote wa nyumba hii, nikitoa tena amri juu ya kisanduku hiki, msinitii."