Hodi Kwenye Nyumba Isiyo na Paa

Kule Diepsloot, kusini kabisa mwa Afrika, ukiyapita mabanda ya mwisho ukashika njia ya majani, kulikuwa na nyumba ya shamba iliyoachwa. Kubwa, we acha tu! Jikoni mngecheza mpira na watazamaji wakapata pa kukaa. Bati lote limeshang'olewa, mti wa pichi umeota sebuleni kama ndo mwenye nyumba. Jumapili mimi na mke wangu tukifunga spaza yetu, kiduka chetu cha mtaani, tunaenda kukaa pale na chai yetu ya chupa. Maua ya porini, ya pinki na meupe, yameingia mpaka chumba cha kulala. Kimya mpaka unamsikia sisimizi akikohoa.

Mimi mtu wa Tanga, nyumba ya watu siingii bila hodi. Hata ile. Mlango wenyewe hamna, nasimama pale pale ulipokuwa, napiga hodi. Mke wangu keshaingia zamani, ananicheka.

"We mwanaume, unamwomba nani ruhusa? Mijusi?"

"Mijusi nao wana heshima yao."

Mpaka aseme karibu ndo naingia.

Mwaka elfu mbili na nane, wenyeji walipoanza kutufukuza sisi wageni, kundi lilifika kwetu mchana kweupe. Mimi nimeenda kufuata mzigo wa duka. Narudi, spaza imebaki kufuli tu, nalo limefunga hewa. Mke hayupo.

Jirani, mama mmoja wa hapo hapo, akaninong'oneza, "Eish, baba, kimbia. Mkeo kaelekea majanini."

Nilikimbia, pikipiki ingeniomba lifti.

Nafika kwenye ile nyumba, vumbi la mlangoni limejaa alama za mabuti. Mke wangu havai buti. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Kimya, mti wa pichi unapukutisha majani yake taratibu kama hakuna kilichotokea duniani. Ya tatu sauti ilitoka ya kifaranga.

Kimya.

Kwetu, hodi tatu bila jibu, unaondoka. Nikageuka. Niende wapi sasa, sijui.

"Karibu."

Alikuwa kalala ndani ya hodhi la kuogea la chuma lenye kutu, kajifunika majani makavu.

"Mbona hukuitika mwanzo?"

"Walipita watu humu. 'Dada, dada, toka tukusaidie.' Waliingia moja kwa moja. Hodi moja mtu yeyote anapiga. Tatu kwenye gofu, halafu ukageuka kweli kuondoka? Ni wewe tu, bwege wangu."

Siku hizi tunakaa mjini, mtaa wa Observatory. Chumba kina paa, kina mlango, ufunguo ninao mfukoni. Nikirudi kazini nasimama nje napiga hodi.

"Mzee, umefukuzwa tena?" majirani wananitania.

"Mke wangu malkia," nawaambia, "hata mimi napanga foleni."

Wanacheka mpaka wanashika ukuta. Mimi nacheka nao, sikio liko mlangoni. Nimeshapiga mbili, na bado hajaitika.