Wageni Wasio Wetu

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha ofisi. La pili lilimvunja taya mlinzi wetu wa getini. Nilimwona akianguka kwa magoti, damu ikimtoka mdomoni, watu wakamkanyaga wakipita.

Wakati huo nilikuwa nasimamia tovuti ya shamba moja la mkonge upande wa Ngombezi. Wiki chache kabla, nilimpelekea meneja habari kwamba wageni wa tovuti wameongezeka sana. Alinisifu mbele ya wenzangu. Sikujiuliza wanatokea wapi.

Asubuhi ile umati ulifika, wengi wao kutoka Handeni, na mapanga mkononi, maana tangazo la kazi waliloliona mtandaoni lilisema wakata mkonge waje nayo. Sisi hatukuwa tumetangaza kazi yoyote. Meneja alipowaambia hivyo, walimwonyesha kwenye simu ukurasa wenye picha ya geti letu. Ndipo mawe yakaanza.

Mwanamume wa makamo aliupiga teke mlango akauliza nani anaandika mambo ya mtandaoni. Nikasema ni mimi. Alinipiga begani kwa ubapa wa panga, kisha mgongoni. Nilipoinua mkono, pigo la tatu likanipasua kiganja.

"Nimeacha mahindi yangu yanaliwa na nyani," alisema kwa sauti ya chini. "Kazi iko wapi?"

"Baba, naomba nione hiyo simu."

Sijui kwa nini alinipa. Niliisoma anwani ya ukurasa, haikuwa yetu. Mtu alikuwa amenakili tovuti yetu nzima, pamoja na kile kipande cha programu kinachohesabu wageni, hivyo kila aliyedanganywa kule alihesabiwa kwangu. Nilimwonyesha herufi kwa herufi, damu yangu ikichuruzika juu ya kioo cha simu. Akaketi sakafuni. Polisi walimkuta ameketi hivyohivyo, wakamshushia virungu mpaka akajikojolea. Niliwasihi waache. Hawakuacha.

Niliporudi kazini nikiwa na bandeji, niliweka orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuhesabiwa: ya kwetu peke yake. Hesabu ikaporomoka siku hiyohiyo na meneja akaridhika. Mimi sikuridhika. Ukurasa wa uongo ulikuwa bado upo, watu wanausoma, ila sasa nilikuwa nimejifumba macho nisiwaone. Nikaiondoa orodha ile, nikawa naandika kila siku wangapi wameingia kule, na kuwapelekea polisi na kampuni iliyouhifadhi ukurasa ule, mpaka ukaondolewa. Ndipo nikairudisha.

Mahakamani nilieleza kwamba yule baba alinikata. Nilieleza pia kilichomleta, na kwamba dalili zilikuwa mbele yangu nikazishangilia. Alipunguziwa kifungo. Mlinzi, aliyekuwa bado anakunywa uji kwa mrija, alinisikiliza hadi mwisho. Nilipomwamkia shikamoo nje ya mahakama, alinitazama tu, akageuka.