Simu Isiyojibu Salamu

Muuza simu wa sokoni Kismayo aliapa kwa Kisomali, kisha akaapa tena kwa Kiswahili: sema chochote, simu itaandika yenyewe, haikosei. Nilimnong'oneza mama kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akajifanya hakusikia, akainunua.

Mama hakujifunza kuandika. Dada yake mkubwa, waliyekua pamoja kisiwani Chula, anaishi Mombasa na masikio yake yamekufa, kwa hiyo kumpigia simu hakufai, sharti asome. Mwandishi wao siku zote nilikuwa mimi. Safari hii mama mkubwa alikuwa ameniletea posa ya kijana wa jirani yake huko huko Mombasa, na mama hakutaka jibu lipitie mikononi mwangu. Nikienda, anabaki peke yake. Sikuthubutu kumuuliza anaonaje, na nilikuwa nakufa kwa kutaka kujua.

Baada ya alasiri akajifungia chumbani na simu yake. Kuta zetu za mabati hazifichi neno. Nilimsikia akiitolea salamu, kisha akanyamaza, akingoja. Simu ikalia ti, ikajizima. Akaanza upya: salamu, kimya, ti.

"Hebu ndoo," akaniita niingie. "Kichu hichi hakijibu."

"Hakijibu, mama. Kinaandika tu."

"Chasikia salamu na hakijibu? Mchu wa namna hiyo mie simpi siri yangu."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Wasiwasi wangu ulikuwa kwamba simu haitakijua Kibajuni chetu. Kumbe haikupewa hata nafasi ya kukikosea. Mama naye akacheka, akanitupia simu mapajani.

"Haya, andika wewe."

Nikaandika salamu zote, ndefu, na hali za nyumbani. Kisha akageuza uso dirishani.

"Mwambie kijana ni mwema. Binti akichaka mwenyewe, aende. Asikae kwa ajili yangu, mie nna majirani." Akaongeza, "Na asimwambie binti kwamba nimelia."

Kidole changu kikasimama.

"Mama, kwani huyo kijana hawezi kuya huku kwetu?"

"Nimekwambia uandike. Sikukwambia ujibu."

Nikaandika yote, pamoja na kile kilio ambacho binti hakutakiwa kukijua. Chini yake nikaongeza neno langu: mimi nimekubali, ila kijana ndiye ahamie Kismayo. Nikatuma kabla mama hajageuka.