Sekunde Arobaini za Mwalimu Mtego

Kwa miaka kumi na tisa mwalimu huyu aliingia darasani kila siku na uongo mmoja. Mmoja tu, hakuzidisha. Alifundisha uchumi, somo ambalo watoto wengi huanza kusinzia kabla hata ubao haujafutwa, naye aligundua mapema kwamba mtoto anayewinda kosa la mwalimu wake hasinzii. Basi katikati ya somo angesema jambo la uongo kwa sauti ya ukweli, uso mkavu, kisha aendelee kana kwamba hakuna lililotokea. Mwenye masikio angenyoosha kidole. Asipopatikana, mwalimu mwenyewe angepiga meza kofi mwishoni na kusema, "Nimewatega!" kisha awaoneshe walipoteleza. Ndipo wakamwita Mwalimu Mtego, na jina likamkaa. Hata mumewe, fundi bomba, alilitumia alipokuwa akitafuta kikombe cha pili cha chai.

Na ili mtego unase sawasawa, kila somo alilifungua kwa maneno yale yale: "Leo sitegi, nina haraka." Wanafunzi wakisikia hivyo walikaa chonjo.

Mchezo huo aliurithi kwa marehemu baba yake, fundi cherehani, aliyekuwa na desturi ya kupindisha mshono mmoja makusudi ili aone ni mwanafunzi gani ana macho na yupi kaja kupoteza siku.

Mwaka huo ofisi moja ya kutengeneza video fupi za masomo ikamfuata. Video zilikusudiwa shule tisa za mbali, kule ambako simu haishiki mtandao na mwalimu wa uchumi hajawahi kutia mguu. Kila shule ingepewa televisheni, betri ya sola na kadi ndogo yenye masomo yote. Masharti yalikuwa mepesi: simama mbele ya kamera, fundisha jambo moja, dakika tatu basi.

"Ukizidisha dakika tatu," mhariri wa video alimwambia, "mtoto anaanza kuangalia nje."

"Wa kwangu haangalii nje," alijibu mwalimu, na hapo alikuwa anajisifu, tuseme ukweli.

Akarekodi masomo thelathini, na kila moja akalitegea mtego wake. Dakika mbili na nusu anafundisha, nusu dakika ya mwisho anafichua. Kadi zikapelekwa. Baada ya miezi michache ikafika barua ya mkuu wa shule mojawapo, iliyoandikwa kwa mkono. Alisema wanafunzi wake husimamisha video kabla haijaisha, wakabishana mtego uko wapi, na ole wake atakayeiachia mapema. Mwalimu aliisoma barua ile mara tatu, akaitia kwenye mkoba, na kila mgeni aliyeketi sebuleni kwake akasomewa.

Video zenyewe, lakini, hakuwahi kuzitazama. Aliona haya kuisikia sauti yake.

Jumanne moja, siku mbili kabla ya mtihani wa taifa, mama mkwe alikuja kuwatembelea. Mume, kwa fahari zake, akachomeka kadi kwenye televisheni na kuchagua somo alilolipenda kuliko yote, la fundi na kitambaa.

"Leo sitegi, nina haraka," akasema mwalimu wa kwenye kioo. Kisha akaanza kueleza habari za baba yake na kitambaa kimoja alicholetewa dukani. Kitambaa kilitosha suti, au mapazia, au sare za shule. Fundi akakikata suti. "Je, ile suti imemgharimu nini? Siulizi uzi na vifungo. Nauliza, kwa kuichagua suti, ameacha nini? Ameacha mapazia, ameacha na sare. Basi chukua thamani ya mapazia, chukua ya sare, jumlisha. Hiyo ndiyo gharama ya fursa: jumla ya vyote ulivyoviacha!"

Huo ndio uliokuwa mtego. Mwalimu aliyeketi kwenye kochi akatabasamu, akasubiri kile kiganja kipige meza. Badala yake ukaja muziki, ikaja na picha ya kitabu kilichofunguliwa, na somo likaisha.

Mume akapiga makofi.

"Maskini fundi," akasema mama mkwe, "kumbe alipoteza vyote viwili. Nimeelewa kabisa, mwanangu. Unajua kufundisha wewe."

"Hapana, mama." Mwalimu alikuwa amekwisha simama. "Hapana, haijaisha. Kuna kipande bado."

Hakikuwapo. Wakairudia mara mbili, na mara zote mbili muziki ukaingia pale pale. Akampigia mhariri.

"Ah, ile ya kitambaa," mhariri akasema. "Ile ulizidisha, Mwalimu. Ilikuwa dakika tatu na sekunde arobaini. Nikakata mwisho, maana nilisikia unarudia tu habari za mapazia."

"Sikuwa narudia, ndugu yangu! Nilikuwa nasahihisha!"

 Mhariri akauliza kwa sauti ya mtu anayetamani asijibiwe, "Kwani kile ulichosema mwanzo ni kosa?"

Lilikuwa kosa. Kitambaa kimoja hakikatwi mara mbili: fundi asingeweza kupata mapazia na sare vyote kwa pamoja hata angefanya nini, kwa hiyo alichopoteza ni kimoja tu, kile kilicho bora kati ya hivyo viwili. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye sekunde arobaini. Na zilizidi kwa sababu ya nani? Mhariri alifuata sharti lake. Mwalimu ndiye aliyenogewa na habari za baba yake akasahau saa, na hilo lilimchoma kuliko yote. Swali la gharama ya fursa halikukosa kwenye mtihani hata mwaka mmoja. Lilibeba alama kumi, na kwa watoto wasio na mwalimu wala kitabu, alama kumi ndizo kufaulu au kurudi nyumbani.

Akapiga simu shule zote tisa. Zote hazikupatikana. Akapiga tena, na tena, mpaka mumewe akamwondolea simu mkononi taratibu.

Jumatano alfajiri alipanda lori la saruji lililokuwa linaelekea shule ile ya barua, iliyokuwa karibu kuliko zote, yenye watahiniwa sitini na watatu. Zile nane nyingine zilikuwa mbali hivi kwamba hata angekuwa na mabawa asingewahi, na njia nzima alizihesabu kwa vidole kama mtu anayehesabu wafu. Alifika saa tisa alasiri, vumbi mpaka kwenye kope.

Mkuu wa shule alimtambua kabla hajajitambulisha. "Mwalimu Mtego! Wewe mwenyewe!" Akamshika mkono asitake kuuachia. Alipoelezwa shida, uso ukamshuka. "Dada yangu, mimi ni mtu wa historia. Mambo ya uchumi nimeyaona kwako huko huko kwenye televisheni. Ingia uwaambie mwenyewe."

Darasa lililipuka. Watoto walisimama juu ya madawati, wengine wakamgusa nguo waone kama ni kweli ana mgongo, maana kwenye kioo walikuwa hawajawahi kuuona. Kiranja, msichana mrefu mwenye sweta lililotiwa viraka viwiko vyote viwili, aliwanyamazisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni. Nisikilizeni vizuri. Lile somo la fundi na kitambaa lina kosa."

 Kwenye kona mtu akacheka kidogo.

"Gharama ya fursa si jumla ya vyote ulivyoviacha. Ni kimoja tu, kilicho bora kuliko vingine. Mwisho wa video ulikatwa."

Kiranja akanyoosha kidole, macho yanang'aa. "Mwalimu, somo lile tumelitazama mara kumi na mbili. Tulitafuta mtego tukakosa. Nikawaambia wenzangu, Mwalimu hawezi kuacha kututega, lazima mtego wa hili atauleta kwa njia nyingine." Akawageukia wenzake. "Si niliwaambia?"

"Uliwaambia nini? Hapana. Sikieni, wanangu."  Alitafuta maneno ya kweli, ya mtu asiye na mchezo, na ulimi wake uliozoea miaka kumi na tisa ukamletea yale yaliyokuwa karibu. "Leo sitegi!"

Sitini na watatu wakajibu kwa sauti moja, "Nina haraka!"

Kicheko chao kilitikisa mabati. Alipiga meza kofi wanyamaze, na kofi lile likawazidisha. Akachora kitambaa ubaoni, akaapa kwa kaburi la baba yake. Wakapiga makofi kwa ustadi wake wa kuigiza. Mwishowe akalia, machozi ya kweli, na hapo safu ya mbele ikaguna kwa kumstaajabia. Hakuna aliyemsadiki. Aliwafundisha yeye mwenyewe kwamba mwalimu anapokuwa na uso wa ukweli kuliko siku zote, ndipo uzidi kukaa chonjo.

Nje, alimwangukia mkuu wa shule. "Waambie wewe, ndugu yangu. Wewe hujawahi kuwatega."

"Nitawaambia," alisema yule mtu mwema. "Lakini wameniona nikitoka na wewe ofisini. Watasema umenitia kwenye mchezo."

Lori lilikuwa linapiga honi, na Alhamisi asubuhi alitakiwa awe shuleni kwake na wanafunzi wake. Akapanda.

Alhamisi saa saba mchana simu iliita. Mkuu wa shule alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, na alihema. "Mwalimu, kuna mtu hapa hakukubali kubaki chini," akasema, akatoa simu.

"Mwalimu! Lile swali limekuja!" Alikuwa kiranja. Upepo wa kilimani ulikuwa unamkata maneno, furaha yake hapana. "Mkuu alitubembeleza asubuhi, tukamwambia hata wewe, Mkuu? Wote tumeandika jumla. Wote sitini na watatu. Hatukunaswa!"

Mwalimu Mtego alikuwa amesimama kwenye korido ya shule yake. Mbele yake wanafunzi wake walikuwa wanakula, wakiambiana kimoja tu, kimoja tu, kama wimbo. Akaegemea ukuta. Kulikuwa na karatasi ya pili kesho asubuhi, na ya tatu Jumatatu.

"Mwalimu? Upo? Si tumekushinda?"

"Mmenishinda, mwanangu," alisema. "Hongereni. Sasa shukeni mkapumzike, kesho muwahi."