Chumba Chenye Mlango Wake

Hilaria alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi na kuwafaidi wengi zaidi: hakuweza kuingia nyumbani kwa mtu bila kuipanga upya kichwani. Chai haijapoa, yeye ameshahamisha kabati, ameziba dirisha linaloingiza vumbi na kufungua jingine upande wa jua. Macho hayo aliyapata akiwa msichana, alipokuwa akisafisha nyumba za wataalamu kwenye shamba la ngano la serikali, huko uwandani. Ndiko alikoona nyumba ambayo mtu anatoka jikoni hadi mezani bila kumruka ndama. Aliporudi Endasak, chini ya mlima Hanang, kuolewa, akarudi na macho hayo.

Watu walianza kwa kumcheka, kisha wakaanza kumwita. Mtu akitaka kujenga, Hilaria aliitwa kabla ya fundi. Alikuja na debe la majivu, akaichora nyumba nzima chini uwanjani: kuta, milango, mahali pa kitanda. Halafu mama mwenye nyumba alitwishwa ndoo ya maji, akaambiwa apite, mlangoni mpaka jikoni, jikoni mpaka kwa watoto. Maji yakimwagika, basi mahali hapo pamekosewa. "Nyumba humjengei mgeni," alikuwa akisema. "Unamjengea anayelala humo. Tembea kwanza kama yeye." Ng'ombe aliwatoa ndani, wazee wakanuna. Lakini banda la ndama aliliweka ubavuni mwa chumba cha baba, fisi akija asikike, na wazee wakanyamaza.

Basi fikiria mwanamke wa namna hiyo anapokuta mumewe ameanza kujenga bila kumwuliza neno.

Yoakimu alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia, kwenye shamba lile lile la ngano. Wiki nzima alilala kwenye kota za shamba, Jumamosi akarudi nyumbani na vumbi la ngano masikioni. Mwaka ule saruji ilikuwa haionekani madukani, lakini yeye alipata kibali cha mifuko michache. Akamleta fundi Tluway, na Hilaria akiwa kijiji cha Gehandu kupanga nyumba ya watu, msingi wa kwake ukachimbwa. Aliporudi alikuta kamba zimeshavutwa. Chini hapakuwa na majivu hata chembe.

"Baba Tadei, hata mimi?" aliuliza.

"Wewe umechoka na nyumba za watu, Mama Tadei. Hii nitakujengea mimi, wewe pumzika."

Yalikuwa maneno matamu, na Hilaria hakuyaamini hata kidogo, maana Yoakimu hakuwa mtu wa maneno matamu.

Kuta zilipopanda akaona alichofichwa. Chumba cha mwisho, upande wa mlimani, kilikuwa na mlango wa nje, na hakikuwa na mlango wowote wa kuingilia ndani ya nyumba. Mtu angeweza kuingia na kutoka humo mwaka mzima na aliyekaa sebuleni asijue.

"Fundi, hiki chumba ni cha nani?"

Tluway hakuinua macho kwenye tofali. "Mimi naambiwa nijenge tu, mama. Hicho ndicho kitakachopigwa sakafu ya saruji."

"Na sebule?"

"Sebule udongo. Bwana amesema saruji yote iende humo."

Hilaria aliumia. Nyumba za nusu ya tarafa zilisimama kwa majivu yake, na yeye kwake akanyage udongo ili chumba cha mafichoni kipate saruji.

Toka hapo kila kitu kikawa ushahidi. Yoakimu alikuja na kikombe chake cha bati, cha buluu, akakiosha mwenyewe na kukirudisha kwenye mkoba. Hakula tena sahani moja na watoto. Alihamishia ngozi yake ya kulalia karibu na mlango, akasema ndani kuna joto, anatoka jasho. Jasho, mwezi wa saba, Hanang, wakati watu wanaota moto mpaka magoti yanababuka! Kukohoa alikokohoa mumewe, Hilaria hakukutilia maanani. Madereva wa kombaini wote walikohoa. Lakini kikombe kile kilimnyima usingizi.

Jirani yake Perpetua, ambaye kazi yake ilikuwa kutia moto nyasi na kwenda zake, akaongeza lake. "Mama Tadei, mzee wako siku hizi amekuwa mtu wa misheni? Ijumaa nimemwona getini pale, kavaa shati safi. Mimi nilidhani yuko kwenye mavuno."

"Alitumwa," alisema Hilaria, akaendelea kupeta mahindi.

Yoakimu alikuwa amemwambia kwamba Ijumaa ile alikuwa juu ya kombaini kutwa nzima.

Kwa hiyo mwanamke akapatikana. Hilaria aliamua ni mpishi wa kantini ya shamba. Hakuwahi kumwona, lakini hilo halikumzuia kumtengeneza: akampa mwanya wa meno, akampa khanga mpya na kicheko cha kuudhi, akamfanya mdogo kuliko yeye kwa miaka mingi. Akamwona akiingia kwa mlango ule wa mlimani, akikanyaga saruji ile kwa miguu iliyopakwa mafuta. Akamchukia vizuri sana.

Kisha trela la shamba likaleta kitanda, likakishusha moja kwa moja ndani ya chumba kile. Hapo subira ikaisha. Kama ni mke mwenzake, alitaka kujua ataishije humo. Asubuhi, Tluway alipokwenda kuchota mchanga, Hilaria alijaza ndoo, akajitwisha, akazunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nje. Angepita kama alivyowapitisha wengine: kama mwenye chumba.

Alipita kama yule wa kantini, na kila alipogeuka palimkataa. Hapakuwa na mahali pa kuinjika chungu. Hapakuwa na msumari wa kutundika khanga, wala pembe ya kuweka sanduku. Kitanda kilikuwa cha futi tatu, cha mtu mmoja asiyetazamia mwenzake. Dirisha lilikuwa kubwa kuliko la sebule, limekabili jua la asubuhi lote. Kichwani mwa kitanda palikuwa na kirafu kidogo ukutani, cha kutosha kikombe kimoja.

Alitua ndoo, akamwaga maji kidogo sakafuni. Yakaserereka yenyewe, yakatoka mlangoni, bila kuacha dimbwi.

Chumba hicho alikijua. Miaka kadhaa iliyopita, kule Gehandu, alikuwa amekichora yeye kwa ajili ya mzee Akonaay, aliyekuwa akitema damu kwa kifua kikuu na ambaye wanawe walitaka kumlaza kwenye banda bovu. Mlango wake mwenyewe, ili wajukuu wasipite kwake. Dirisha kubwa la jua. Sakafu inayooshwa. Kirafu cha kikombe chake peke yake. Siku hiyo Yoakimu alikuwa likizo, na ndiye aliyembebea debe la majivu.

Hilaria aliketi kwenye kitanda cha futi tatu, akalia. Alimlilia mumewe, na kidogo alijililia mwenyewe, kwa kuwa alimtafuta mwanamke kila kona na hakumsikia mtu anayekohoa mbele yake.

Jumamosi Yoakimu alikuta Tluway anatoboa tundu kwenye ukuta wa chumba kile usiokuwa na dirisha, ule wa upande wa jikoni.

"Nani kakuambia uvunje?"

"Mimi," alisema Hilaria. "Kwa mzee Akonaay niliweka madirisha mawili, Baba Tadei. La pili lilitazama jikoni, aone watu wake wanapika. Wewe ukachukua moja, ukajitupa mlimani."

Yoakimu alisimama na mkoba wake begani. Akautua chini. "Hospitali ya misheni wamesema nitatibiwa, ni dawa za muda mrefu. Lakini watu wakijua, ni nani atakuita tena nyumbani kwake? Wewe unaingia mpaka vyumba vya watoto."

"Asiyeniita asiniite. Na hicho kikombe nitakiosha mimi, kwa maji ya moto." Akainua ndoo iliyojaa, akamkabidhi. "Haya. Pita."

"Mimi?"

"Si wewe unayelala humo?"

Yoakimu aliichukua kwa mkono. Alitoka mlango wa mlimani, akafuata ukuta kuja jikoni, taratibu, kama mwanafunzi anayetazamwa. Nusu ya njia kikohozi kikamkamata, akainama, ndoo ikamponyoka, maji yakamwagika mpaka viatuni. Alitaka kuiokota ndoo na kuendelea. Hilaria alimshika mkono, akaitazama sehemu iliyolowa, kwa macho yale yale aliyotazamia nyumba za watu.

"Fundi," alisema, "hapa utajenga benchi. Liwe la watu wawili."