Sombe ya Kambi

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Mvua ilinyesha Rumonge tangu adhuhuri, ikakatika jua likikaribia kuchwa. Ziwa lilikuwa na rangi ya tope, na upepo ulikuwa wa baridi.

Jioni hiyo Zipora alifunga mapema meza yake ya samaki sokoni, akaenda kwa Assumani, mwenye mkahawa wenye televisheni kubwa. Hakufuata chai. Eliana, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akinyonya, alikuwa miongoni mwa wanne waliobaki katika mashindano ya mapishi huko Bujumbura. Mmoja wao angetolewa, yule ambaye watazamaji wangempigia kura chache zaidi kwa simu.

Wapishi waliambiwa wapike chakula cha kwao. Eliana akapika sombe. Alitwanga majani ya muhogo, akayachemsha mpaka yakalainika vizuri, kisha akatia karanga zilizosagwa na mafuta meupe kidogo. Mawese hakuyagusa.

Mkahawa mzima ukapiga kelele.

"Ile ni nini? Sombe bila mawese?"

"Mutoto wa Rumonge anaogopa mawese! Na michikichi yote hii!"

"Wa Rumonge wapi? Huyo iko mu-Tanzania. Ile ni sombe ya kambi!"

Watu wakaangua kicheko, na maneno hayo yakapokewa meza hadi meza. Zipora alihisi masikio yanamwaka moto. Mapishi yale yalitoka mikononi mwake mwenyewe. Katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, Tanzania, mafuta yalikuwa ya mgao, meupe, ya kopo. Mawese yalikuwa ya wenye fedha. Akina mama wakazoea kuongeza karanga ili watoto washibe. Eliana alizaliwa huko. Akiambiwa apike cha kwao, angepika kipi kingine?

Hata hayo angeyameza. Kilichomchoma ni kwamba aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Melkiades, fundi baiskeli, mwanakwaya mwenzake, waliyerudi naye kutoka kambini kwa lori moja. Melkiades alisimama katikati ya meza, akajifanya anaonja kwa kijiko, akakunja uso kama aliyelishwa shubiri. Watu wakashika mbavu.

Zipora akainuka. "Melkiades, simu yako iko na unité za kupigia. Mupigie mutoto kura, muda bado uko."

"Nipigie kura sombe ya kambi? Aa, Zipora, watu watanionaje?"

"Watakuona ulivyo! Si ulikula sombe hiyo miaka yote tuliyokaa kule? Muke wako alipolazwa, nani alikuletea sahani mulangoni? Ulilamba vidole! Leo unacheka kuliko waliozaliwa hapa, ili wasahau ulikotoka?"

Sauti ikatoka nyuma: "Ee Melkiades, kumbe na weye!" Kicheko kikamgeukia.

"Mimi ni wa hapa," Melkiades alisema, akitazama chini. "Shamba la baba yangu iko Gatete, kila mutu analijua." Simu akairudisha mfukoni.

"Kaa, mama," Assumani alimwambia Zipora. "Mimi nimekwisha mupigia."

"Murakoze, Assumani." Akatazama meza moja baada ya nyingine. Hakuna mwingine aliyegusa simu.

Jina la aliyetolewa likasomwa: la Eliana. Msichana alitabasamu, akawashukuru majaji, kisha midomo ikaanza kumtetemeka na picha ikahamishwa upesi. Mtu mmoja mkahawani akapiga makofi.

Zipora hakulia. "Hao hao keshokutwa watakuja mezani kwangu kutaka samaki," alimwambia Assumani mlangoni, "na watataka niwaongezee."

Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, lakini kanisani hakwenda. Alikwenda kusubiri gari la kwanza kutoka Bujumbura. Eliana aliposhuka, macho yamevimba, alitaka wapitie njia ya nyuma. Zipora akakataa, wakashika barabara kuu, polepole, katikati ya watu waliokuwa wakienda misa. Karibu na soko wakakutana na Melkiades, amevaa koti, anatabasamu, mkono ameshaunyoosha.

"Amahoro, Zipora. Karibu nyumbani, mwanangu Eliana."

Zipora akauchukua mfuko wa Eliana, akaushika kwa mikono yote miwili, akapita.